Bustani ya mboga si kazi ya mama peke yake

Mwezi wa Agosti umeingia. Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini baridi kali ya Juni na Julai imeanza kulegea, mahindi yamevunwa, maharage yamepurwa, na mvua haitarajiwi mpaka Novemba. Wengi huuhesabu wakati huu kuwa ni wa kupumzisha jembe, kufyatua matofali na kufanya harusi. Sisi tunaofanya kazi katika wodi ya watoto tunauona kwa namna nyingine. Huu ndio wakati ambao majani mabichi hutoweka jikoni, na watoto wengi hula ugali na maharage siku baada ya siku, au ugali na chumvi.

Kwa sababu hiyo mwezi huu tumeona tuzungumzie bustani ya mboga ya nyumbani. Mtasema, "Hilo tumelisikia sana kliniki." Ni kweli mmelisikia, maana tumelisema kwa miaka mingi. Lakini tumekuja kutambua kwamba tulikuwa tukilisema kwa mtu mmoja tu, yaani mama, na ndiyo maana bustani nyingi zimekufa kabla ya kuzaa. Leo tunataka kusema na baba pia.

Ghala limejaa, mtoto amedumaa

Utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika Tanzania watoto 30 kati ya kila 100 wenye umri chini ya miaka 5 wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko inavyotakiwa kwa umri wao. Katika Mkoa wa Iringa walikuwa karibu 57 kati ya 100. Katika mikoa ya Njombe na Rukwa walikuwa karibu 50. Hii ndiyo mikoa inayolisha miji kwa mahindi, viazi na maharage! Utafiti huohuo ulionyesha kwamba watoto 59 kati ya kila 100 nchini, wenye umri wa miezi 6 hadi miaka 5, walikuwa na upungufu wa damu.

Tusidanganyane. Udumavu hauletwi na ukosefu wa mboga peke yake. Mtoto hudumaa pia kwa sababu mama yake alifanya kazi nzito na kula vibaya akiwa mjamzito, au kwa sababu hakunyonya vizuri, au kwa sababu hulishwa mara 2 tu kwa siku wakati wazazi wako shambani, au kwa sababu huharisha mara kwa mara. Damu nayo hupungua kwa malaria na minyoo, siyo kwa chakula tu. Tena mtoto anahitaji maharage, mayai, maziwa, dagaa na nyama. Lakini mayai na nyama havipatikani kila siku katika kila nyumba. Mboga za majani zinaweza kupatikana kila siku, hata kwa maskini, ikiwa zimepandwa.

Majani ya kijani kilichokolea yana vitamini A inayolinda macho na kumpa mtoto nguvu ya kupambana na magonjwa. Yana madini ya chuma kwa ajili ya damu, na foliki asidi ambayo mama mjamzito anaihitaji sana. Watoto wa miezi 6 hadi 59 hupewa matone ya vitamini A kila baada ya miezi 6, na tunawasihi msiyakose. Lakini matone hayo hayana chuma, wala hayawezi kuchukua nafasi ya chakula cha kila siku.

Tulipokosea sisi manesi

Miaka kadhaa iliyopita alilazwa kwetu mtoto wa kike wa miaka 2. Alikuwa na kilo 8 tu, viganja vyeupe na nywele nyepesi. Tulimtibu akapata nafuu, kisha tukampa mama yake somo la lishe kama ilivyokuwa desturi yetu. Tulisimama mbele ya picha ya ukutani yenye karoti, kabichi na nyanya, tukamwambia alime bustani. Akaitikia, "Ndiyo, sista." Baada ya miezi 4 alirudi na mtoto yuleyule katika hali ileile. Tulimkaripia mbele ya wenzake. Tulimwita mzembe. Hakujibu kitu, akamfunika mtoto kwa kitenge.

Baadaye tulikwenda kijijini kwao kwa huduma ya mkoba, tukafika mpaka nyumbani kwake. Alitupokea vizuri, "Kamwene," akatupa vigoda. Tukaomba kuiona bustani. Alitupeleka nyuma ya jiko, penye tuta dogo lililochakuliwa lote.

"Nimepanda mara tatu, sista," alisema. "Mara ya kwanza walikula kuku. Mara ya pili mbuzi wa jirani. Mara ya tatu zilinyauka wakati wa kuvuna viazi, maana maji tunafuata bondeni, ni saa nzima kwenda na kurudi."

Tukamwuliza kwa nini asipande mbele ya nyumba, penye udongo mzuri mweusi. Alijibu kwamba pale ni mahali pa viazi vya baba.

Tuliona aibu. Mama huyu hakukosa maarifa, wala hakuwa mvivu. Alikosa ardhi, uzio na maji, na vyote vitatu havikuwa mikononi mwake. Sisi tulimlaumu kwa jambo ambalo hakuwa na uwezo nalo.

Tulimngoja mume wake mpaka aliporudi. Hakuwa mtu mbaya. Alisema hakuna aliyewahi kumweleza, kwa sababu siku za kliniki huongea na mkewe tu, naye hubaki nje akilinda baiskeli. Tulimwonyesha kadi ya mtoto na mstari wa uzito ulivyoshuka. Aliitazama muda mrefu, akauliza, "Hapa ndipo alipolazwa?" Tukasema ndiyo. "Na hapa tena?" Tukasema ndiyo.

Tulipopita tena baada ya miezi 3 tulikuta uzio wa mianzi mbele ya nyumba, matuta 3, na mtoto akichuma mnafu pamoja na dada yake. Hatusemi kwamba ni mboga tu zilizomponya. Alikuwa amepewa dawa ya minyoo na alikuwa akila mara 4 kwa siku. Lakini tangu hapo hakulazwa tena kwetu.

Kazi ya baba

Maoni yetu basi ni haya: bustani isihesabiwe kuwa kazi ndogo ya akina mama. Kazi ya baba ni kutoa sehemu ya ardhi iliyo karibu na jiko, hata kama ni mistari michache ya viazi itakayopungua. Ni kujenga uzio wa mianzi, miti au miiba, na kuuziba vizuri chini ili kuku wasipenye. Ni kusaidia kuleta maji, hasa wakati mama ana mimba au ana mtoto mchanga. Tena ni kusomba samadi kutoka zizini. Hakuna heshima ya mwanamume inayopungua kwa kubeba ndoo ya maji ya kumwagilia chakula cha watoto wake.

Wako akina mama wanaolea peke yao, wajane na bibi wanaotunza wajukuu. Hao wasiachwe. Vijana wa jumuiya wakikutana Jumamosi moja tu wanaweza kumaliza uzio wa bibi mmoja.

Wengine watasema, "Sisi tuna vinyungu bondeni, vinatosha." Vinyungu vimetulisha tangu zamani za mababu zetu, hatuvidharau. Lakini mazao mengi ya vinyungu huishia sokoni, na bonde liko mbali na sufuria. Tena sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto na chanzo cha maji. Tuta lililo hatua 10 kutoka jikoni halina ugomvi na mtu, na mama anaweza kuchuma wakati maji ya ugali yanachemka.

Kutayarisha bustani

Chagueni mahali penye jua, karibu na nyumba, mbali na choo. Anzeni na matuta 2 au 3 tu. Tuta liwe na upana wa mita 1, ili mtu aweze kulifikia kwa mkono kutoka pande zote mbili bila kulikanyaga, na urefu wa mita 5 au kadiri nafasi inavyoruhusu. Limeni kina cha sentimita 30, mtoe mizizi na mawe. Wakati huu wa kiangazi tuta liwe chini kidogo ya usawa wa ardhi, na kingo zake ziinuke, ili lishike maji. Mvua za Novemba zikija, liinueni ili maji yasituame.

Changanyeni madebe 2 au 3 ya samadi iliyooza au mboji kwa tuta la ukubwa huo. Samadi mbichi huunguza miche na huleta magugu. Iliyooza vizuri huwa nyeusi, imepoa, na haina harufu kali. Kama hamna mifugo, chimbeni shimo la mboji leo hii, mweke majani makavu, maganda, majani mabichi na majivu kidogo, mmwagie maji na kugeuzageuza. Baada ya miezi 3 hivi mtakuwa na mbolea ya msimu wa mvua.

Kwa maji, tuta la mita 1 kwa 5 linahitaji ndoo 1 hadi 2 za lita 20 kwa siku wakati wa kiangazi. Hiyo isiwaogopeshe. Maji yaliyosafishia mboga, yaliyooshea mahindi, na yaliyosuuzia vyombo bila sabuni nyingi yanaweza kutoa sehemu kubwa ya hayo. Mwagilieni asubuhi na mapema au jioni. Tandazeni nyasi kavu katikati ya miche, maana huzuia maji yasikauke upesi.

Aliye na kiwanja kidogo, kama vile walimu na watu wa mjini, apande katika gunia. Weka katikati ya gunia nguzo ya kokoto toka chini mpaka juu ili maji yapenye, jaza udongo uliochanganywa na samadi, toboa matundu ubavuni, panda miche juu na katika matundu.

Tupande nini?

Tusianze na kabichi ati kwa sababu ndiyo iliyochorwa katika picha. Kabichi ni nzuri, lakini huchukua muda mrefu, hupendwa na wadudu, na majani yake meupe hayana vitamini A nyingi. Tuanze na mboga zinazochumwa mara nyingi na kuchipua tena.

Mnafu hustawi vizuri huku kwetu kwenye baridi. Bibi zetu wanaujua, na mbegu zake hukamuliwa kutoka katika matunda yaliyoiva. Sukuma wiki huoteshwa kitaluni, ikahamishwa baada ya wiki 4 au 5, na kupandwa kwa nafasi ya sentimita 45 hadi 60. Ikipata samadi na maji huchumwa kwa miezi mingi. Figili na chainizi hukua haraka. Mchicha haupendi baridi, kwa hiyo walio sehemu za juu wangoje Septemba jua likizidi. Mbegu zake ni ndogo mno. Changanyeni na mchanga mkavu kabla ya kusia, na baada ya mwezi mmoja hivi mtaanza kuchuma. Mboga ya maboga pandeni kando ya shimo la mboji, itambae. Karoti pia zina vitamini A kwa wingi, na watoto huzipenda. Mahali pasipo na baridi kali pandeni viazi lishe, vile vitamu vyenye rangi ya chungwa ndani, ambavyo mtu hula kiazi na matembele yake.

Msipande tuta lote siku moja. Siyeni sehemu leo na sehemu nyingine baada ya wiki 2, ili mboga zisije zote pamoja na kwisha zote pamoja. Na kila mtoto wa shule apewe mstari wake mwenyewe. Mtoto hula bila kulazimishwa mboga aliyoipanda.

Vidukari wakiingia, nyunyizieni maji yenye sabuni kidogo, au pakeni majivu asubuhi majani yakiwa na umande. Tunawaomba sana msipulizie mboga za nyumbani dawa za nyanya au za kuhifadhia mahindi, wala msiweke dawa hizo katika chupa za soda. Tumewapokea watoto waliokunywa sumu hivyo.

Usafi bustanini

Jambo hili tunalisema kwa uzito kwa sababu nguruwe ni wengi huku kwetu. Mtu akila nyama ya nguruwe yenye malengelenge bila kuiva vizuri, hupata tegu tumboni. Mayai ya tegu hutoka na kinyesi chake. Akijisaidia vichakani, au akishika mboga kwa mikono michafu, mayai hayo hubaki kwenye majani. Atakayeyameza, hata kama hajala nguruwe maisha yake yote, anaweza kupata malengelenge ubongoni na kuanza kuanguka kifafa. Ugonjwa huo hauletwi na uchawi. Kwa hiyo kila mtu atumie choo, nguruwe wafungiwe bandani, kinyesi cha watu kisitumike kuwa mbolea, na mboga zioshwe kwa maji safi.

Kutoka tutani mpaka kinywani

Bustani inaweza kustawi na mtoto akabaki vilevile, kama mboga zote zinapelekwa barabarani kuuzwa. Tukipita Ilula tunaona matenga ya nyanya na vitunguu kando ya barabara kuu, na tunafurahi kwamba watu wanapata fedha. Kuuza si dhambi. Lakini sufuria ya nyumbani ipate kwanza, soko lifuate. Kuuza kikapu cha mboga ili kumnunulia mtoto soda na biskuti ni hasara, hata kama mkononi imeonekana faida.

Jikoni pia tunaharibu mengi. Osheni mboga kabla ya kuzikata, siyo baada ya kuzikata. Pikeni kwa muda mfupi kwa maji machache, na msimwage maji yake. Punguzeni magadi, kwani huharibu vitamini. Wekeni kijiko cha mafuta au karanga zilizotwangwa, maana mwili haupokei vizuri vitamini A pasipo mafuta. Kamulieni limau au kuleni chungwa pamoja na chakula, ili chuma cha majani kiingie mwilini, na chai inywewe wakati mwingine, kwani huzuia chuma. Mtoto aliyetimiza miezi 6 aendelee kunyonya, na apondewe mboga laini pamoja na maharage na kiazi au ugali. Mchuzi wa mboga peke yake haumtoshi, wala uji mtupu wa sembe.

Tuanze sasa

Ndugu wasomaji, tukilima matuta wiki hii na kusia mbegu mapema Septemba, tutakuwa na mboga jikoni mwezi wa Oktoba, wakati ambao kila kitu kimekauka. Mvua zikifika, na sote tukawa mashambani toka alfajiri, bustani itakuwa tayari mlangoni kwa mama anayerudi amechoka.

Sisi manesi tumejifunza pia. Siku hizi mama akija na mtoto aliyepungua uzito, kabla ya kumpa somo tunamwuliza: Ardhi ya bustani ni ya nani? Uzio upo? Maji ni mwendo wa muda gani? Na tunaomba kuonana na baba wa mtoto.

Kwa hiyo, baba, siku ya kliniki usibaki nje kulinda baiskeli. Ifunge kwenye mti, uingie ndani pamoja na mkeo, uione kadi ya mtoto wako. Ukirudi nyumbani, anza na uzio.